Mwanangu, kuhusu hiyo seti ya sufuria

Mwanangu,

Huku Tanga hatujambo, baba yako tu na kikohozi chake. Umeniuliza ununue seti ya sufuria zisizogandisha chakula, vipande kumi kwa laki moja na nusu, au ujazie upate lile jiko la umeme la sumaku. Na mimi nakuuliza: hapo chumbani kwako Dodoma wanakula wangapi?

Seti inapendeza, sikatai. Lakini hesabu vizuri, vifuniko navyo wamevifanya vipande. Tena ile rangi ya ndani haitaki kijiko cha chuma, haitaki stiliwaya, haitaki kusahauliwa motoni ikiwa tupu, nami nakujua wewe na simu yako. Jiko la sumaku nalo haliitambui alumini. Ukishalilipia utarudi dukani kutafuta sufuria zinazolifaa.

Nunua kimoja, kizito. Nawaambia hivyo tangu mko wadogo.

Unaukumbuka mchezo wetu wa kuchangiana vyombo, pale Ngamiani? Zamu yangu ilipofika nilitamka mbele ya wote: nataka sufuria moja kubwa, nzito, ya wali wa kupalia makaa. Shangazi yako, ndiye mshika fedha, akaja na glasi dazeni mbili na jagi la maua ya dhahabu. Eti wenzangu wote wamechukua glasi, kabati langu lisije likaonekana tupu. Kabati! Watu wanapiga vigelegele, ningesema nini? Nikashukuru. Wali wa Idi mwaka ule nikaupikia sufuria ya kuazima, ya huyohuyo shangazi yako, na hata haujakauka maji keshamtuma mtoto aulize kama nimemaliza.

Haya, siku ya posa ya dada yako zile glasi zilinisitiri, nisiseme uongo. Wageni walisifu. Pengine nyumba inataka na vya kuonyesha. Lakini walisifu glasi baada ya kushiba, na kushiba kulitoka wapi?

Ukienda sokoni inyanyue hiyo sufuria usikie uzito wake, bonyeza kitako, kisha iweke mezani uone kama inacheza. Kitako kinene husambaza moto, ugali hauungui upande mmoja. Chukua ya kiwandani. Za kuyeyusha chakavu ziache hata zikiwa nzito, maana chakavu kinaweza kuwa na madini ya risasi, na kwa macho huyaoni. Mchuzi wa ukwaju usiulaze humo, ukali wake unaila alumini. Chenji itatosha mwiko, kisu na kikaango kidogo. Hicho kikaango kikiwa cha kutogandisha sitagomba, mayai yana tabu yake.

Fedha ni zako, sikuchagulii. Ila mwulize huyo muuzaji kama anauza moja moja, usikie atakavyojibu. Na shangazi yako akipiga kukushauri mambo ya glasi, mwambie simu inaisha chaji.

Mama yako