Hali ya Hewa, Kifua na Gari la Wagonjwa: Majibu kwa Wasomaji

Tangu utotoni nimeambiwa kwamba baridi huleta nimonia. Je, ni kweli?

Baridi peke yake haimpi mtu nimonia, kwani ugonjwa huo huletwa hasa na virusi au bakteria. Hata hivyo, waliokuambia hivyo hawakuwa mbali na ukweli. Hewa ya baridi mara nyingi huwa kavu, nayo hukausha utando wa pua na koo hata kamasi ikawa nzito na kushindwa kutoa uchafu ipasavyo. Virusi vya homa ya mafua navyo hudumu kwa muda mrefu zaidi katika hewa ya namna hiyo, huku watu wakijifungia ndani na kuvuta hewa ile ile. Kwa mwenye pumu, hewa ya baridi huweza pia kukaza misuli ya njia za hewa papo hapo, bila kusubiri kirusi chochote.

Mama yangu ana ugonjwa sugu wa mapafu, lakini huzidiwa baridi ikiwa imekwisha kupungua. Kwa nini?

Umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Madhara ya joto kali hujitokeza siku ile ile au katika siku chache zinazofuata, ilhali madhara ya baridi huweza kuendelea kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu maambukizi huhitaji muda wa kukua, na uvimbe katika njia za hewa huongezeka polepole kabla mgonjwa hajakosa pumzi. Kwa hiyo jua likirudi, msilegeze uangalizi wala msiache dawa zake za kila siku.

Jambo hilo linawahusu pia wapangaji wa huduma za dharura, na naomba walizingatie kwa dhati. Anayepunguza zamu za wahudumu mara tu baridi inapopungua anaweza kuzipunguza wakati ambapo simu ndiyo kwanza zinaongezeka. Wagonjwa wa kifua hulazwa kwa siku kadhaa. Vitanda vikijaa, gari la wagonjwa hukaa mlangoni mwa hospitali likisubiri kumkabidhi mgonjwa, na mwingine aliyepiga simu hubaki nyumbani akihangaika kupumua.

Mvua husafisha hewa. Mbona daktari amenionya kuhusu radi, nami nina mzio wa chavua tu, yaani ule unga wa maua?

Amekuonya kwa haki. Tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne nchini Australia wakati hewa imejaa chavua ya nyasi. Chembe za chavua zikilowa huweza kupasuka na kuwa vipande vidogo sana, ambavyo havinaswi puani bali hupenya hadi ndani ya mapafu, na upepo unaotangulia mvua huvisukuma hadi usawa wa watu. Maelfu walikimbilia hospitali kwa muda mfupi, simu zikazidi uwezo wa magari yaliyokuwapo, na watu 10 walipoteza maisha. Wengi wa walioathirika hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walichojua ni kupiga chafya na kuwashwa macho tu, kama wewe. Mwaka 2017 jimbo la Victoria, ulipo mji huo, lilianza kutoa utabiri wa hatari hiyo.

Katika msimu wa chavua, ingia ndani na ufunge madirisha kabla upepo wa dhoruba haujafika, kisha umuulize daktari wako kama unapaswa kuwa na dawa ya kuvuta ya kufungua kifua.

Je, joto lina madhara kwa mapafu?

Ndiyo. Jua kali huchochea moshi wa magari na viwanda kuzalisha ozoni karibu na ardhi, gesi inayowasha njia za hewa, na mwili unaojitahidi kujipoza huupa moyo na mapafu kazi ya ziada.

Sitaki kuwasumbua wahudumu bure. Nipige simu lini?

Piga mara moja ikiwa mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, amechanganyikiwa au anasinzia kusiko kwa kawaida, au dawa yake ya kuvuta haimpi nafuu. Kwa mtoto, tazama kama ngozi kati ya mbavu inabonyea kila anapovuta pumzi. Mketishe wima wakati mkisubiri, usimlaze chali, wala usingoje kupambazuke ndipo upige.