Ni kweli, meli ya kivita ilijigeuza kisiwa

Aliyeuliza kama habari ya meli iliyojifanya kisiwa ni ya kutunga: ni kweli kabisa. Ni Abraham Crijnssen, meli ya Uholanzi ya kusafisha mabomu ya baharini, iliyoshushwa majini mwaka 1936.

Mwanzoni mwa Machi 1942, baada ya Wajapani kushinda vita vya Bahari ya Java, ilikuwa Surabaya, bandari ya kisiwa cha Java (Indonesia ya leo). Mwendo wake ulikuwa kama noti 15 tu (kilomita 28 hivi kwa saa) na silaha zake chache, kwa hiyo kukimbia au kupigana kusingesaidia. Ili watorokee Australia bila kuonekana, mabaharia wakakata miti visiwani, wakaifunika sitaha yote kwa matawi, na sehemu za chuma zilizobaki wazi wakazipaka rangi zifanane na mawe. Mchana walitia nanga karibu kabisa na ufuko, meli ikatulia tuli. Usiku ndipo walipotembea. Fikiria, kisiwa kikionekana kinasogea, rubani wa ndege angegundua mara moja!

Tarehe 20 Machi walifika Australia. Meli ndugu yake, Jan van Amstel, ilizamishwa na Wajapani ikijaribu kutoroka. Hilo ndilo linalonifanya niwaheshimu sana mabaharia hawa.

Baadaye ilitumika katika jeshi la majini la Australia, ikarudishwa kwa Waholanzi mwaka 1943. Bado ipo: iko kwenye makumbusho ya jeshi la majini, mjini Den Helder, Uholanzi.