Turbo, kona na mguu wa kijana: majibu kwa wasomaji

Tangu tuzungumzie vijana wanaojaribiwa kwenye magari ya langalanga, yaani Formula 1, yenye turbo, maswali hayajakatika. Haya manne nimeona yana faida kwa wengi.

Fundi wa gereji, Chang'ombe, Dodoma: Turbo inalisaidia nini gari la mashindano, na mwinuko wetu huku unahusika?

Unahusika sana, fundi. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, hivyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana gari dogo lililokuwa likivuta vizuri Dar linakuwa zito kidogo likifika kwetu. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha panka, nalo limeunganishwa kwa shafti moja na panka la pili linaloshindilia hewa kwenye silinda. Hewa ikipungua, kazi yake ni kufidia.

Kwenye langalanga jambo hili lilionekana waziwazi Kyalami, Afrika Kusini, ambako ni mita kama 1,500. Renault, timu ya Ufaransa, walileta turbo mwaka 1977, ikawa inaharibika kila mara na watu wakaibeza. Ushindi wa kwanza ukaja Dijon, Ufaransa, mwaka 1979, na mwaka uliofuata dereva wao René Arnoux akashinda Kyalami. Oktoba 1983, Kyalami hapohapo, dereva Mbrazili Nelson Piquet akawa bingwa wa kwanza wa dunia kwa gari la turbo: Brabham yenye injini ya BMW ya silinda 4, lita 1.5 tu. Heshima hiyo ilipatikana kwenye ardhi ya Afrika, na nadhani hatuisemi vya kutosha.

Mwanafunzi, UDOM: Shikamoo. Kijana aliyezoea Formula 3, daraja la chini ya Formula 1, akipewa gari la turbo mara ya kwanza, kinachomsumbua ni kasi?

Marahaba, mwanangu. Kasi macho yanaizoea. Kinachosumbua ni nguvu kuchelewa kufika.

Mchukue dereva Mbrazili Ayrton Senna. Mwaka 1983, akiwa na miaka 23, alikuwa akiwania ubingwa wa Formula 3 Uingereza, na akautwaa. Julai timu ya Williams ilimjaribu pale Donington, Uingereza, kwa gari lisilo na turbo. Ukikanyaga mafuta, linaitika papo hapo. Novemba akapanda magari ya turbo ya timu nyingine: Toleman huko Silverstone, kisha Brabham iliyompa Piquet ubingwa, huko Paul Ricard, Ufaransa.

Sasa tazama mguu wake. Yuko katikati ya kona, usukani bado umekunjwa. Anakanyaga mafuta, gari halisemi kitu, kwa sababu panka lilipunguza mzunguko alipoachia na linahitaji muda kurudi juu. Halafu nguvu farasi zaidi ya 600 zinafika kwenye matairi ya nyuma kwa mkupuo. Kama usukani haujanyooka, gari linageuka linakotoka. Kwa hiyo dereva lazima akanyage kabla hajazihitaji nguvu hizo, akijua zitafika wapi. Senna alijulikana kwa kuigusagusa pedali ya mafuta ndani ya kona, mara nyingi na kwa haraka, ili panka lisipunguze mzunguko. Toleman wakamchukua kwa msimu wa 1984, na mwaka huohuo akawa wa pili Monaco kwenye mvua kubwa.

Turbo zilipigwa marufuku kuanzia 1989 zikarudi 2014, safari hii na mota ya umeme iliyolizungusha panka na kuficha ucheleweshaji. Kanuni za 2026 zimeiondoa mota hiyo. Vijana wa sasa wanalirudia somo lile.

Dereva wa lori, Kibaigwa: Ni kweli injini ya turbo haizimwi ghafla?

Kweli, kaka. Ukitoka kuvuta mzigo mlimani, panka lina moto mkali na linategemea oili inayozunguka kulipoza. Ukizima, oili inasimama na kuungulia kwenye beringi. Acha injini ingurume dakika mbili tatu bila kukanyaga mafuta. Na kwa vumbi letu, filta ya hewa usiionee huruma: imechakaa, badilisha.

Mama, Kisasa: Mwanangu ana miaka 15 na anaota langalanga. Kwenye majaribio wanaangalia nani ana kasi tu?

Hapana, mama. Saa wanaiangalia, lakini pia wanataka kijana ashuke na kueleza gari lilifanya nini: kona ipi pua ilikataa kuingia, wapi mkia ulilegea, breki zilibadilika lini. Mhandisi anarekebisha kwa maneno hayo. Mwenye kasi asiyeweza kueleza anawaachia mafundi kazi ya kubahatisha.

Njia huanzia kwenye gokati, yaani vigari vidogo vya mashindano, kisha madaraja ya chini kama Formula 4 na Formula 3. Leseni ya juu ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, inayomruhusu dereva kushindana Formula 1, kwa kawaida hudai umri wa miaka 18, pointi 40 za madaraja hayo, na kilomita 300 za kuendesha gari la Formula 1 kwa kasi ya mashindano. Gharama ni kubwa mno, sitakuficha, na wengi wanaofika wana wadhamini. Akikosa huko, mbio za rali zipo hapahapa Tanzania, na magari mengi ya rali yana turbo vilevile.