Mbwa wa miezi 8 Kisauni, Mombasa: achana na baiskeli kwanza

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na huyo German Shepherd wako wa miezi 8. Umesema kila saa 10 jioni unapanda baiskeli naye anakimbia kando yako, na bado usiku anatafuna viatu. Nakuomba baiskeli uiweke kando kuanzia leo. Mbwa wa umbo hilo mifupa yake huendelea kukua hadi apate mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, na jamii hiyo inajulikana kwa matatizo ya nyonga yanayorithiwa. Mbio ndefu juu ya lami sasa hivi zitakuja kumlipisha uzeeni.

Kubwa zaidi ni joto, na hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na jike chotara wa Rottweiler, mwenye nguvu ajabu. Mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto, nilimkimbiza ufuoni Nyali saa hiyohiyo yako. Nilidhani upepo wa bahari utamtosha. Tukiwa tunarudi akaanza kuyumba, ulimi mwekundu sana, mate yamekuwa mazito kama ute, kisha akalala chini. Nilimmwagia maji tumboni na mapajani, nikamkimbiza kwa tuktuk hadi kwa daktari wa mifugo. Kipimo kilisoma nyuzi 41, na mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39. Alipona, lakini siku tatu za dripu sitazisahau.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, mate yakauke ulimini yaondoke na joto. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, mate hayakauki upesi, kwa hivyo kuhema kwake hakufui dafu. Wenye pua bapa ndio hali yao mbaya zaidi. Hao watembezwe taratibu tu.

Basi toka naye saa 11 na nusu alfajiri, dakika 30 za kutembea, si kukimbia. Usiku pia yafaa, ila lami hukaa na moto muda mrefu: iwekee mgongo wa mkono, ukishindwa kuvumilia sekunde 7, nyayo zake nazo hazitaweza. Na alfajiri utakutana na watu wakitoka msikitini. Fupisha kamba, vuka upande wa pili. Mate ya mbwa yakimgusa mtu, nguo yake ina kazi ya kutwaharishwa kabla ya kuswali, na jirani akiona unamheshimu hatakuwa na neno na mbwa wako.

Ukipata nafasi ya kwenda Bamburi, nenda maji yakiwa yamekupwa. Mchanga mbichi ni mgumu kiasi na wa baridi. Mwache aogelee kidogo, mpe maji baridi ya kunywa mara kwa mara asije akanywa ya chumvi akaharisha, na mkifika nyumbani umsuuze na kumkausha masikio.

Kuhusu viatu: huyo hana upungufu wa mbio, ana upungufu wa kazi. Jamii yake ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, mbwa wa kutumia akili siku nzima. Mimi huchukua makumbi ya nazi kama kumi, nikaficha vipande vya dagaa wakavu katika matatu tu, nikayatawanya uani chini ya mwembe. Anatafuta kwa pua, anageuza moja moja. Dakika 15 za kunusa hivyo humlaza wangu wa sasa kuliko saa nzima ya barabarani. Wiki ya pili fukia baadhi mchangani, ya tatu yafiche akiwa ndani haoni.

Chakula kikubwa apewe baada ya mazoezi, akishatulia kuhema. Na kesho alfajiri beba chupa mbili: moja ya kunywa, nyingine ya kummwagia tumboni.