Maziwa, risasi na betri iliyotupwa zizini

Tangu niwasihi hapa mchemshe maziwa kabla ya kunywa, nimepokea maswali mengi, na karibu nusu yanahusu kitu ambacho moto haukiwezi: metali nzito kama risasi, ile ya kwenye betri za magari, si ya bunduki. Najibu machache leo.

*Nachemsha maziwa mpaka yapande mara tatu. Risasi si itaisha tu, daktari?* (Mama wa watoto wawili, Mbagala)

Haiishi, mama. Moto unaua vijidudu vya brusela na kifua kikuu, na kwa hilo endelea kuchemsha. Risasi haikuwa na uhai, kwa hiyo haina cha kufa. Tena ukiyaacha yachemke sana, maji yanapungua na risasi yote inabaki sufuriani. Hata laktomita ya kituo cha kukusanyia maziwa haiioni. Kazi yake ni kumkamata aliyeongeza maji. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinataka risasi isizidi mikrogramu 20 katika kilo moja ya maziwa. Kiasi hicho hakina rangi, harufu wala ladha.

Wa kuangaliwa zaidi ni hao wawili wako. Kwa kiasi kilekile kilichomezwa, mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huenda kwenye ubongo unaokua, na mtoto akabaki mzito wa kujifunza bila kuugua siku hata moja. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Nyingine hujificha kwenye mifupa miaka na miaka, halafu mwanamke akishika mimba hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni.

*Ng'ombe wangu amekuwa kama kipofu, anasaga meno, anatoa mate na kusukuma kichwa ukutani. Jirani anatengeneza betri za magari. Bado anatoa maziwa kidogo. Tuyanywe?* (Mfugaji, Kisauni)

Msiyanywe, msiyauze, wala msimpe ndama. Mwite daktari wa mifugo leo hii na umtajie betri. Dalili hizo zinafanana na kichaa cha mbwa, kwa hiyo usimtie mkono mdomoni kumtafutia mfupa uliokwama.

Ng'ombe hulamba mabaki ya betri kwa sababu yana ladha ya chumvichumvi. Vipande vya risasi ni vizito, hivyo vinatua kwenye tumbo la pili, palepale inapokaa misumari aliyomeza, na vinaendelea kuyeyuka kidogo kidogo. Ndiyo maana anaweza kuonekana amepona huku damu na maziwa yake bado vina risasi kwa miezi. Maabara ndiyo itakayokuambia lini urudi kukamua, si macho yako. Na wasije watu wakakushauri umchinje ili usipate hasara: maini na figo ndizo zinazobeba sumu zaidi. Wenzake waliolisha hapo wapimwe pia, hata kama wanacheua vizuri.

Wewe wa Mombasa huhitaji hadithi ya mbali. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu pale Owino Uhuru kiliacha risasi ndani ya damu za watoto, na Phyllis Omido aliyepigania kifungwe akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Karakana ya jirani yako ni ndogo, lakini majivu na asidi inayomwagwa mtaroni ni vilevile.

*Mimi ni fundi betri. Bosi hutupa pakti ya maziwa kila jioni yasafishe sumu. Yanasafisha?* (Fundi, Gongo la Mboto)

Hayasafishi. Imani hii nimeikuta kwa wapaka rangi, wachomeleaji, hata wauza petroli. Kuna chembe ya ukweli ndani yake: mtu mwenye upungufu wa chuma na kalisi mwilini hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo kula vizuri kunasaidia. Lakini vumbi na moshi vinapitia mapafuni, na maziwa hayapiti huko. Kunywa maziwa yako, halafu umdai bosi barakoa ya maana, sabuni na mahali pa kubadilishia nguo. Ovaroli usirudi nayo nyumbani ukampakata mtoto.

*Nagandisha mtindi kwenye sufuria nzito ya kusubu. Kuna ubaya?* (Bila jina, Morogoro)

Upo. Sufuria hizo hutengenezwa kwa vyuma chakavu, zikiwemo injini, na utafiti uliofanywa Cameroon ulionyesha zinaachia risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Mtindi ni mchachu na hukaa humo siku nzima. Hamishia kwenye chombo cha stenlesi, glasi au kibuyu cha bibi.

*Ng'ombe wetu wanakunywa maji ya mabwawa ya wachimbaji dhahabu. Tunaogopa zebaki kwenye maziwa.* (Geita)

Zebaki hupita kidogo tu kuingia kwenye maziwa. Hatari yake kubwa iko kwenye moshi pale mnapochoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, hasa mkichomea jikoni, na baadaye kwenye samaki. Hata hivyo wanyweshe kwingine, kwa sababu mawe ya dhahabu huweza kubeba aseniki na risasi. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, vumbi la mawe yenye risasi liliua watoto zaidi ya 400.

*Basi ninunue ya pakti tu?* (Mama yuleyule wa Mbagala)

Kiwandani pia hawaondoi risasi. Tofauti ni kwamba huko maziwa ya mamia ya ng'ombe yanachanganywa, kwa hiyo ya mmoja mwenye sumu yanapotelea humo. Anayeumia ni mwenye ng'ombe mmoja tu anayefungwa nyuma ya gereji, na watoto wake wanayanywa hayohayo asubuhi na jioni. Muulize muuza maziwa wako anamlisha ng'ombe wake wapi.