Bustani niliyoichagua kwa pua

Swali lenu la wiki hii lilisema: kati ya bustani za maonyesho ulizowahi kuziona, ipi ungeihamishia nyumbani kwako, na kwa nini? Jibu langu lipo Ngongo, Lindi, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane vya kanda yetu ya Kusini. Ni bustani ya konani, jirani na bomba la maji, na watu wengi waliipita bila hata kutoa simu mfukoni.

Kwanza niwatendee haki wenye bustani zilizopigwa picha. Agosti huku kwetu si mwezi wa kubembeleza maua. Mvua zimekatika tangu Mei, upepo wa kusi unavuma, na vumbi linakaa mpaka kwenye kope. Mtu akikuonyesha ukoka wa kijani wakati huo, ujue kuna aliyebeba ndoo asubuhi na jioni. Wauza miche walijitahidi: bogenvilia za zambarau na za rangi ya chungwa, waridi la jangwani lenye shina nene kama limevimba, krotoni, vijiwe vyeupe vilivyopangwa mstari, matairi yaliyopakwa rangi. Wifi yangu niliyeongozana naye alikwama kwenye hayo matairi, ikabidi nimvute mkono.

Ukiinama vizuri unaona kwamba mengi hayakupandwa pale. Vyungu na mifuko ya miche vimefukiwa mchangani, ukoka umefunika ukingo, basi. Kuna jamaa alisimama nyuma yetu akisema huo ni utapeli. Mimi sioni hivyo. Hata maonyesho ya maua ya Chelsea kule London, ambayo chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kimeyafanyia hapo tangu mwaka 1913, yanakwenda hivyo hivyo: bustani nzima inajengwa kwenye uwanja mtupu kwa wiki 3 hivi, waamuzi wanagawa medali, watu wanaitazama kwa siku 5, kisha inabomolewa. Ni sawa na pambo la ukumbi wa harusi, na hakuna anayemlaumu mpambaji kwa kuwa kesho yake ukumbi utakuwa mtupu.

Lawama yangu ni nyingine. Bustani zile zote zilitengenezwa kwa ajili ya macho. Niliinamia waridi moja jekundu, zuri la kukufanya umeze mate, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikajaribu la njano, hakuna kitu. Muuzaji akacheka: "Dada, hilo halinukii, lakini linadumu." Na kweli amesema. Mawaridi ya biashara, kama yale yanayolimwa Arusha kwa kusafirishwa nje, yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili yavumilie safari na yakae siku nyingi kwenye maji, na katika kuchagua huko harufu imeachwa njiani. Sasa huku pwani ua lisilonukia tunaliweka wapi? Halifai kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, halifai kutandazwa kitandani kwa bibi harusi, halifai kuchomekwa kwenye nywele. Litakaa sebuleni litazamane na televisheni.

Ndipo tukafika kwenye ile ya kona. Aliyeitunza alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, amekaa juu ya debe lililopinduliwa. Tukamwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba wanangu, wala hakuinuka kutuuzia kitu. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo na, niseme ukweli, haina sura. Uzio wa fito uliopandishwa asumini. Mrehani pembeni mwa kinjia, chini kabisa, hivi kwamba gauni likiugusa tu unanukia mpaka kiunoni. Kichaka cha mhina. Mlangilangi ndani ya pipa, umekatwa kichwa ili usirefuke. Mzee akaeleza kwamba hata Komoro, wanakokamua mafuta yake kwa ajili ya manukato, mashambani huikata vivyo hivyo ili wachumaji waifikie kwa mikono. Na nyuma yake, chini ya kivuli cha makuti, mkilua.

Mkilua ulinishika. Nimevaa vilua utotoni, vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha kanga, lakini mti wenyewe sikuwahi kuukaribia kiasi kile. Ua lake halina rangi ya kujivunia, la kijani linaloelekea umanjano, linaning'inia kama limekata tamaa. Harufu yake ndiyo inakufanya ugeuke nyuma kuangalia nani amepita. Porini ni mti wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya tu. Katika uwanja mzima uliojaa mimea ya Amerika na Asia, huyu mwenyeji ndiye aliyewekwa nyuma ya pipa.

Wifi hakuridhika. Alinusa asumini, akakunja uso: "Mbona haunuki?" Ilikuwa saa saba mchana, na mzee akamjibu kwamba asumini si mfanyakazi wa mchana. Matumba yake hufumbua jua likizama, ndiyo maana wachumaji huyakusanya alasiri yakiwa bado yamefumba, yakatungwa, yakaja kufunguka shingoni mwa mvaaji. Tukazunguka kwanza mabanda mengine, ufuta, mbaazi, mihogo, mashine za kubangulia korosho, tukarudi magharibi. Sitaki kusema mengi. Wifi alikaa chini, akavua viatu.

Ila harufu kubwa kuliko zote wala haikuwa ndani ya viwanja. Tulipokuwa kwenye basi kutoka Mtwara, kabla hatujafika Mingoyo, mikorosho ilikuwa imechanua pande zote mbili za barabara, na utamu wake uliingia madirishani pamoja na ukali wa salfa. Mkulima huamka alfajiri kupuliza salfa wakati upepo umetulia, kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga ukilishika shada changa, maua hukauka hayajazaa. Na shada lenyewe lina maua mengi ya kiume na machache tu yenye uke na ume pamoja, hayo machache ndiyo yanayotupa korosho. Ua la mkorosho ni dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, jeupe kisha likawa la waridi. Linasomesha watoto wetu, lina watafiti wake pale kituo cha utafiti cha Naliendele, lakini sijawahi kuliona kwenye bustani ya mapambo hata moja. Ningekuwa mratibu, ningeweka mkorosho mfupi wenye mashada katikati ya mawaridi, na watu watoe simu.

Kwa hiyo nahamisha ile ya kona. Kwangu Mtwara udongo ni mchanga mtupu na upepo una chumvi, hivyo mlangilangi nitauacha, utavunjika. Asumini nitaupanda upande wa bafuni unakotiririka maji, kwa kipandikizi, sina haja ya mche wa kununua. Mrehani utapata maji ya kuoshea mchele. Mkilua unataka kivuli na subira, nitauweka chini ya mwembe. Hina majirani watakuja kuchuma, nawajua.

Waandaaji wa Ngongo, kama mnasoma hapa, waambieni wenye bustani waandike majina ya mimea kwenye vibao, kwa Kiswahili, na ile ya kona iwekewe taa ili watu wakae hadi saa mbili usiku. Wifi anasema jibu lake ni ile ya matairi, na amenituma niwaambie kwamba naye ahesabiwe.