Ukitaka nyimbo mpya za hip hop ya Wales, anza na mtaa

Ndugu na marafiki, wa nyumbani na wa huku Uingereza, huniuliza sana waanzie wapi na hip hop ya Waingereza. Huwa nawaambia waiache London kwanza. London itakufikia hata usipoitafuta, kwa sababu redio, matangazo na vijana wa mtaani wanaibeba kila siku. Chagua mji mmoja mdogo, kaa nao mwaka mzima, usikilize kila kinachotoka pale, kizuri na kibaya. Mimi naishi Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa hiyo nafuatilia Cardiff pamoja na jirani yake Newport, ambao ni mwendo mfupi tu wa treni kuelekea mashariki. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kufuatilia miji hiyo miwili, lakini njia ni ileile ukichagua Bristol, Nottingham au Manchester.

Tatizo la kwanza ni Ijumaa. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani zilikubaliana kwamba kazi mpya zitoke siku hiyo, na sasa kila Ijumaa ni mafuriko. Kijana wa Cardiff anayeachia singo yake asubuhi hiyo yuko kwenye foleni moja na mastaa wa Marekani. Majukwaa ya kusikilizia muziki nayo hupendekeza zaidi kile ambacho tayari kinasikilizwa. Tena tangu 2024 Spotify haimlipi msanii kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwa wimbo wa mtaa, hizo 1,000 ni mlima. Ukikaa unasubiri simu ikuletee, nyimbo nyingi nzuri za mji wako zitapita bila wewe kuzijua, na baada ya mwaka mmoja mwenyewe aliyezitoa atakata tamaa aende kutafuta kazi nyingine. Hilo linaniumiza, na ndilo linalonifanya niandike.

Sasa njia. Ninayoiamini kuliko zote ni kusoma majina. Ukipenda wimbo mmoja, usiishie kwa aliyechana, yaani aliyerap. Tazama biti imetengenezwa na nani, nani kachanganya sauti, nani kaitikia kwenye kiitikio, nani kaazimwa kwa mistari 16 katikati. Majukwaa mengi yana sehemu ya majina hayo, na kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao moja kwa moja, huyaandika wenyewe chini ya albamu, mara nyingi pamoja na shukrani kwa marafiki. Katika mji mdogo watu ni walewale. Prodyuza mmoja anafanya kazi na wachanaji watano, na mwimbaji wa kiitikio ana EP yake, kazi fupi kuliko albamu, inayokuja. Kwa hiyo wimbo mmoja ukikufikia, umeshapata milango mitatu au minne ya kugonga. Mimi huwafuata zaidi maprodyuza kuliko wachanaji, kwa sababu prodyuza hatulii: mchanaji anaweza kunyamaza miaka miwili, lakini mtengeneza biti ana kitu kipya karibu kila mwezi, na humtaja kila anayefanya naye kazi. Wengi wanadharau hatua hii wakiona ni kazi ya makarani. Wangejua.

Njia ya pili ni tuzo na ruzuku. Kuna Welsh Music Prize, iliyoanzishwa 2011 na Huw Stephens, mtangazaji wa BBC, pamoja na John Rostron. Hutolewa kwa albamu bora ya Wales ya aina yoyote, kwa hiyo kwenye orodha ya wanaowania utakuta roki, nyimbo za asili, elektroniki na kila kitu. Wewe pita ukiokota za hip hop na za jirani zake. Mwaka 2020 mshindi alikuwa Deyah, mchanaji wa kike wa Cardiff, kwa kazi yake Care City. Mwaka 2024 akashinda Lemfreck wa Newport kwa Blood, Sweat & Fears. Ukiniuliza uanze na albamu ipi katika muziki huu wote, nakupa hiyo ya Lemfreck bila kusita. Anaimba na kuchana ndani ya wimbo mmoja, kuna soul, kuna sauti za kanisani, na anazungumza kama mtu mweusi wa Wales bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilipoisikia mara ya kwanza niliirudia palepale, tangu mwanzo. Newport ni mji wa chuma na bandari ambao wengi wa Uingereza huutaja kwa dharau, na kwa muda mrefu jina lililojulikana zaidi kutoka huko kwenye rap lilikuwa Goldie Lookin Chain, kundi la utani lililofika namba 3 kwenye chati za Uingereza mwaka 2004. Sasa mji uleule umetoa albamu inayotaka kusikilizwa kwa utulivu, na naona fahari kama vile nimezaliwa huko.

Kuhusu ruzuku, jambo hili halisemwi sana. BBC Cymru Wales na Baraza la Sanaa la Wales wana mpango uitwao Horizons, au Gorwelion kwa Kiwelisi, unaosaidia wasanii wachanga wa hapa. Majina ya wanaopata msaada hutangazwa. Msanii akipewa fedha za kurekodi, maana yake anarekodi. Andika majina hayo, wafuate, na kazi zao zikitoka utakuwa miongoni mwa wa mwanzo kuzisikia, kabla hata gazeti halijaandika neno.

Halafu kuna ukumbi. Kama unaishi karibu, hakuna kinachozidi hiki. Cardiff kuna kijia kiitwacho Womanby Street, karibu kabisa na ngome ya mji, na ndani yake kuna Clwb Ifor Bach, iliyofunguliwa 1983 kama klabu ya wazungumzaji wa Kiwelisi na sasa ni mlango wa kila aina ya muziki. Ushauri wangu: nenda mapema. Watu huingia dakika kumi kabla ya msanii mkuu na kukosa waliofungua shoo, ilhali hao ndio hasa unaowatafuta. Mchanaji anayefungua mara nyingi anajaribu nyimbo ambazo bado hazijatoka, na baada ya kushuka jukwaani utamkuta kwenye meza pembeni akiuza fulana. Msalimie, muulize kazi inatoka lini. Sijakutana na hata mmoja aliyekasirishwa na swali hilo. Fuatilia pia Ladies of Rage, umoja wa Cardiff uliopo tangu 2018 unaowapa jukwaa wanawake wa rap na muziki wa elektroniki. Sauti kadhaa ninazozipenda leo nilizijua kupitia kwao.

Na nenda sasa, usiahirishe. Mwaka 2017 wananchi walilazimika kufanya kampeni ya kuiokoa Womanby Street yenyewe, kwa sababu ujenzi mpya wa jirani ungeleta malalamiko ya kelele na kuzifunga klabu. Mtaa ulinusurika, lakini Gwdihŵ, ukumbi mdogo uliopendwa sana, ulifungwa mapema 2019, na The Moon, palepale Womanby Street, ukafungwa mwishoni mwa 2024. Wasanii wakubwa wana kumbi kubwa za kwenda. Aliye na nyimbo nne tu na watazamaji thelathini hana pengine, na bila hao thelathini hakuna albamu ya kwanza.

Nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika muziki wa hapa, nalo ni lugha. Kwa sensa ya 2021, watu 538,300 waliripotiwa kuongea Kiwelisi, sawa na asilimia 17.8 ya wakazi wa Wales wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Ni lugha iliyobanwa na Kiingereza kwa karne nyingi, na bado watu wanachana kwayo. Hili si la juzi. Llwybr Llaethog, kundi la watu wawili kutoka Blaenau Ffestiniog, mji wa machimbo ya mawe kaskazini, walianza kuchanganya hip hop na Kiwelisi katikati ya miaka ya 1980. Miaka ya 1990 wakaja Tystion, na baadaye Mr Phormula, fundi wa biti za mdomo anayechana kwa Kiwelisi na Kiingereza. Mwaka 2022 akatokea Sage Todz, kijana aliyekulia Penygroes huko Gwynedd, akichana kwa Kiwelisi juu ya biti za drili, mtindo wa rap wenye mapigo mazito, na vijana wakashtuka kwamba kumbe inawezekana. Mwaka huohuo timu ya taifa ya wanaume ilikuwa inakwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958, na Sage Todz akatoa O Hyd, wimbo uliojengwa juu ya Yma o Hyd wa Dafydd Iwan wa mwaka 1983, ambao mashabiki wa mpira huuimba kama wimbo wa taifa wa pili.

Kilichofuata kinafaa kila msikilizaji akijue. Mwaka 2023 Sage Todz hakutumbuiza kwenye Eisteddfod, tamasha kuu la utamaduni wa Wales, kwa sababu tamasha hilo lina kanuni ya Kiwelisi pekee na nyimbo zake zilikuwa na Kiingereza kingi kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mjadala ulikuwa mkali. Nimekulia Tanzania, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado watu walibishana kama rap inaweza kufanywa kwa Kiswahili, kwa hiyo naielewa hofu ya pande zote mbili. Kanuni hiyo inalinda mahali pamoja ambapo lugha haisukumwi pembeni, na ukiiondoa leo, kesho Kiingereza kimejaa. Lakini kijana anayechanganya lugha mbili katika mistari yake anaandika anavyoongea, na wengi wa kizazi chake huko huongea hivyohivyo. Mimi naegemea upande wa kumwachia msanii achanganye, maana aliyekuja kwa ajili ya drili anaondoka na maneno ya Kiwelisi mdomoni. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi ni mgeni, na lugha inayotishiwa si yangu.

Usiogope kusikiliza usichokielewa. Mara ya kwanza fuata vina na mapigo tu. Kiwelisi kina konsonanti nzito zinazokaa vizuri sana juu ya ngoma za drili. Mara ya pili tafuta mashairi yaliyoandikwa. Lŵp, chaneli ya muziki ya S4C, televisheni ya Kiwelisi, huweka video za wasanii hawa mtandaoni, na mwezi Februari kila mwaka kuna Dydd Miwsig Cymru, siku ya muziki wa Kiwelisi, ambapo orodha za nyimbo mpya hutolewa kwa wingi. Siku hiyo pekee inaweza kukupa majina ya kufuatilia miezi sita.

Hata Kiingereza chao kitakusumbua mwanzoni, hasa kama ulikijifunza shuleni kama mimi. Lafudhi ya Cardiff si ya London, na majina ya mitaa yanapita haraka. Fungua ramani unaposikiliza. Mace the Great ana EP iitwayo SplottWorld. Ukijua kwamba Splott ni mtaa wa wafanyakazi ambao kiwanda chake cha chuma cha East Moors kilifungwa 1978, utasikia uzito wa kulifanya jina la mtaa huo kuwa dunia nzima. Sikiliza kazi yote kwa mpangilio wake, kisha iache siku kadhaa kabla ya kuihukumu. Nyimbo nilizozipenda ndani ya dakika ya kwanza, nyingi sizikumbuki leo.

Mwisho ni fedha, na hapa naomba nieleweke. Kusikiliza bure kunamsaidia msanii kidogo mno. Nunua kitu. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 imekuwa na baadhi ya Ijumaa, mara nyingi za kwanza za mwezi, ambapo haikati chochote. Angalia tarehe na uhifadhi manunuzi yako kwa siku hizo. Nyimbo nyingi utazisikiliza nzima kabla ya kulipa, na wasanii wengi huweka bei ya chini wakikuachia uongeze ukipenda. Ukifika Cardiff pita Spillers Records, iliyofunguliwa 1894 na inayotambuliwa kuwa duka la muziki la zamani kuliko yote duniani. Sasa liko Morgan Arcade. Waambie wauzaji unataka rap ya Wales iliyotoka karibuni, na uwape muda wa kufikiri.

Aliye Dar, Mombasa au Muscat bila njia ya kulipa, bado ana cha kufanya: andika mistari mitatu chini ya video, useme uko wapi na ni sehemu gani ya wimbo uliyoirudia. Wasanii wa miji midogo husoma kila neno linaloandikwa hapo, na ukimuuliza atakujibu nani mwingine wa mji wake umsikilize.